Mwizi Niliyemfungia Chumbani

Mwizi wa stoo hashikwi kwa kelele. Ukipiga kelele anajificha, na wale wasio na makosa wanaanza kutembea kama wezi, mwishowe hujui yupi ni yupi. Mimi njia yangu ni moja na haijawahi kunidanganya. Omena, wale dagaa wa ziwani, ikianza kupungua kwenye magunia, siulizi mtu. Namwita mfanyakazi mmoja, namwambia kwa upole, ndugu yangu, umefanya kazi sana, nenda nyumbani upumzike. Akiwa huko natazama magunia. Yakiendelea kupungua namrudisha, namshukuru, na kumpumzisha mwingine. Yakikaa vile yalivyo, basi, pumziko hilo halina mwisho. Kwa njia hiyo nimeshika watu ambao hata kanisani walikuwa wakisimama mbele kutoa ushuhuda.

Sikufundishwa na mtu. Shule niliacha darasa la tano, na waliobaki wakamaliza sasa huja stoo kwangu kuomba kazi ya kuhesabu. Nilianzia Remba, kile kisiwa ambacho nyumba za mabati zimebanana mpaka jirani akikohoa wewe ndiye unasema pole. Nilibeba magunia ya omena kichwani kutoka majini hadi kwenye mizani. Tulikula nini? Omena. Asubuhi uji wa mtama bila sukari, mchana omena na ugali, jioni ile ile omena, na mboga chungu alizokuwa akituletea mama mmoja kwa ndoo. Nilikuwa mwembamba kama mpini wa jembe na sikujua ugonjwa unaitwaje. Nikaapa nikiwa mtu, omena nitaiuza tu, kinywani mwangu haitaingia tena.

Nikawa mtu. Leo nina stoo Homa Bay, nina nyingine Migori, lori zangu zinajulikana hata na polisi wa barabarani, na nyumba yangu iko njia ya Rangwe, ya mawe, usipoiona basi macho yako yana shida. Na nilitimiza kiapo. Chai yangu ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Chapati, si moja. Mchana niliagiza chipsi na soseji kwa hoteli iliyo mkabala na stoo, zikaja zimelowa mafuta, na soda mbili, moja ya kula nayo na moja ya kushukuru Mungu. Jioni nyama. Mwili ukaitikia. Watu walikuwa wakinishika tumbo sokoni wakisema, aah, huyu sasa amekubali kuwa tajiri. Mwanasiasa mmoja alinipa kiti cha mbele kwenye harambee kabla hata hajasikia jina langu. Alitazama tumbo tu, akajua.

Kwa hiyo nisikufiche, mimi tumbo nililipenda. Shaka yangu ilianzia kwenye kidole.

Asubuhi moja niliamka nikashindwa kuweka mguu chini. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimevimba, chekundu, kina joto kama kimetoka jikoni. Shuka tu ikikigusa nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia. Jana yake nilikuwa nimekula mbuzi na marafiki Migori, tukakunywa, nikarudi nikitembea vizuri kabisa. Sasa niambie wewe, mtu anavimba vipi akiwa amelala? Nyoka hakuna, mwiba hakuna. Kwetu mguu ukivimba bila sababu watu hawaulizi ulipigwa na nini, wanauliza umekanyaga nini. Nikatuma watu wachimbe langoni. Walipata kifuniko cha chupa na mfupa wa kuku. Mfupa ule niliutazama kwa muda mrefu.

Kidole kilitulia chenyewe baada ya siku kadhaa. Lakini mimi nilikuwa nimeamka, na nikiamka mimi silali tena ovyo. Nikaanza kuona mambo mengine. Pete ya ndoa ilikuwa haitoki. Shingoni nyuma ngozi imekuwa nyeusi kunishinda mimi mwenyewe, kama uchafu usiotoka kwa sabuni. Nikishakula nalala kwenye kiti wateja wakinitazama. Kiu haiishi, chooni naenda kama nimeajiriwa huko. Na tumbo lile la kusifiwa likaanza kuwa gumu, kwa mbele, wakati miguu inabaki myembamba. Nikajiambia, hapa kuna mtu anaingia stoo.

Nani? Mtu aliyepanda kama mimi hakosi adui. Kwanza nilifikiri juu ya sihoho. Ni jicho la wivu: kuna watu ambao wakikutazama unakula, kile chakula kinageuka tumboni na kukaa kama jiwe. Na mimi nilikuwa nikila mbele ya stoo, hadharani, kila apitaye anaona mnofu unavyoshuka. Nikahama nikaanza kula ndani, mlango umefungwa. Haikusaidia. Basi jicho si la njiani, nikasema. Jicho liko ndani.

Ndani alikuwa mke wangu.

Huyu mwanamke niseme mapema ni mtu wa maneno machache. Kwao ni upande wa Uriri, karibu na Ogwedhi, pale kwenye soko la ng'ombe. Nilimwoa nikiwa bado na lori moja la kukodi, kwa hiyo si mtu wa kusema alifuata mali. Lakini mwenye stoo haangalii mtu amekaa muda gani, anaangalia nani ana ufunguo. Na ufunguo wa sufuria anao yeye. Tena alikuwa amebadilika. Chumvi kwenye mchuzi ilipungua. Mafuta yalipungua. Sukari alianza kuiweka mbali, nikiuliza anasema imeisha. Halafu siku moja nikaingia jikoni bila kubisha, nikamkuta akifungua kifurushi cha kitambaa, anachota unga wa kijani unaoelekea weusi, anaunyunyiza kwenye mboga zangu.

Nilimuuliza ni nini. Akasema ni majani makavu ya mboga, mama yake ameyakausha na kuyasaga, yanasaidia mwili. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, ningekuambia ungekula?

Mtu anayeweka kitu kwenye chakula chako akijua ungejua usingekula, wewe unamwitaje? Na kifurushi kimetoka Ogwedhi, ambapo siku ya soko watu wanatandika magunia chini wanauza mizizi ambayo mimi majina yake siyajui. Sikupiga kelele. Niliweka sheria. Kuanzia siku hiyo, kila chakula akileta mezani anaonja kwanza, mbele yangu. Ugali anamega, mboga anachota, chai anapiga funda. Akimaliza namtazama kidogo, ndipo nakula. Wageni wakiwepo pia alionja. Alifanya hivyo, mkono ukienda kwenye sahani yangu kama mkono wa mashine.

Lakini mwizi mwerevu anaweza kuonja upande ambao hajatia kitu. Hilo nililifikiria nikiwa njiani kwenda Migori, na nikapata jawabu nililoliona ni la mtu mwenye akili. Nitakula tu vitu vilivyofungwa kiwandani. Soda nafungua mwenyewe, nasikia ile pshh, najua hakuna mkono ulioingia. Mkate ndani ya karatasi. Biskuti. Soseji na nyama ya mkebe. Juisi ya boksi. Krips. Nikanunua sanduku la bati, nikaliweka chumbani chini ya kitanda na kulitia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na ule wa stoo. Nikirudi nyumbani nilikuwa nakaa kitandani, nafungua sanduku langu, nakula. Mke wangu mezani na sufuria yake, mimi chumbani na maboksi yangu.

Kidole kikarudi. Mara hii na kifundo cha mguu pia.

Ndipo nikasema, sasa ni njia yangu ile ile. Nikamwita mke wangu sebuleni, nikamwambia kwa upole kabisa kwamba amechoka, amefanya kazi nyingi, aende kwao akapumzike kidogo. Alikuwa akifuta meza. Aliendelea kufuta mpaka akamaliza, akakunja kitambaa.

"Umenipumzisha," akasema. "Kama watu wa stoo."

Nikamwambia si hivyo.

"Ni hivyo. Nimekaa na wewe, naijua hiyo sauti. Nitaenda. Lakini mimi si gunia la kurudishwa kwa simu. Siku ukitaka nirudi utakuja kwetu, utakula chakula changu mbele ya watu wetu, na hutanionjesha. Usipoweza, nitunzie tu zile nguo zangu zilizobaki."

Akaenda. Nakwambia ukweli, nilijisikia kama mtu aliyetega mtego vizuri. Nikakaa kuangalia magunia.

Sasa sikia hesabu yangu ilivyokwenda. Mke hayuko. Sufuria haipo. Mkono wa mtu hakuna. Nakula vya kiwandani tu, asubuhi hadi jioni, mlango umefungwa. Ile hasara ilipaswa kusimama. Badala yake suruali mpya ikakataa kufunga. Kidole kikawa kinakuja na kuondoka kama mpangaji. Macho yakaanza kuona ukungu. Usiku naamka na kiu, nafungua sanduku, nakunywa soda, kiu inaongezeka.

Msimamizi wa stoo yangu ya Homa Bay ni binamu yangu, mtoto wa baba mdogo. Yeye mwenyewe niliwahi kumpumzisha, akaonekana safi, nikamrudisha. Alikuja nyumbani akanikuta nimeinua mguu kwenye kiti. Akatazama maboksi matupu, akatazama mguu, akauliza mke wangu ameondoka lini. Nikamwambia. Akasema, "Omera, ndugu yangu, kwa sheria yako, huyo mama si mwizi."

Mimi nabishana na mtu yeyote, hata hakimu, lakini siwezi kubishana na njia yangu mwenyewe. Nikamwambia basi nitampigia simu arudi. Binamu akacheka kile kicheko cha pua. "Mimi nilirudi kwa sababu nilikuwa na njaa," akasema. "Yeye hana njaa."

Ni yeye aliyenipeleka kliniki pale Homa Bay. Mimi kliniki siziamini sana. Mtu anayeuza dawa hawezi kukuambia huumwi, kama vile mimi siwezi kumwambia mteja omena yangu haijakauka vizuri. Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko nilivyotaka. Alinichoma kidole, akapima presha, akanizungushia utepe wa fundi cherehani tumboni. Nikamuuliza ananishonea nini. Hakucheka. Akaniambia sukari iko juu, presha iko juu, na kile kidole ni gauti: vipande vidogo kama vioo vinavyojikusanya kwenye kiungo, na mwili unavivamia, ndiyo ule moto na wekundu.

Nikamuuliza swali lililonileta. "Ni nani ameniwekea?"

Akaniuliza ninakula nini. Hapo nikajivuna. Nikamweleza habari ya sanduku na kufuli, na jinsi hakuna mkono wa binadamu unaogusa chakula changu. Aliweka kalamu chini, akanitazama muda, akamtazama binamu yangu kama anayeuliza kama ninatania. Binamu akaangalia dirishani.

Akaanza kunieleza, na nasema hivi, yule binti alijua kuzungumza na mwenye mali. Aliniuliza kama nina askari wa kulinda stoo. Nikamwambia ninao. Akasema mwili nao una askari. Ukijikata wanakimbia pale, panavimba, panakuwa pekundu, pana joto, wanafanya kazi, wanarudi kambini. Kuvimba huko ni kuzuri. Lakini kuna kwingine kwa polepole, ndani, hakuonekani. Soda na vitu vitamu kila siku, unga mweupe kila siku, mafuta yaliyochemshwa na kuchemshwa tena, nyama za kiwandani, mboga hakuna: ni kama kupiga filimbi ya hatari asubuhi, mchana na jioni. Askari hawarudi tena kambini. Wanazunguka kwenye damu wakikosa adui, na wanaanza kuharibu ukuta wa stoo yenyewe, yaani mishipa, moyo, figo, macho.

Nikasema, na tumbo?

Akasema tumbo ndilo watu hawalielewi. Wanadhani mafuta ya tumboni yamekaa tu kama magunia. Hayakai. Yale ya ndani, yanayozunguka matumbo, nayo yanapiga filimbi. Kelele zikizidi mwili unakuwa kiziwi, hausikii tena insulini, ile inayoifungulia sukari mlango iingie mwilini. Sukari inabaki nje kwenye damu. Mwili unaleta insulini nyingi zaidi, na hiyo nyingi inazidi kuweka mafuta. Mafuta yakiongezeka, filimbi zinaongezeka. Hata ile shingo nyeusi, akasema, ni insulini nyingi inayojionyesha. Si uchafu wala si mtu.

"Kwa hiyo mwizi analetwa na askari, na askari wanaitwa na mwizi," nikasema.

"Na wewe umewafungia chumba kimoja," akasema, "na ufunguo umeuvaa."

Niliona binamu yangu anajizuia kucheka. Nikamuuliza daktari kama anauza yeye hizo dawa alizoandika. Akasema naweza kununua popote. Akaongeza kwamba si chakula peke yake, kuna damu ya ukoo, kuna kukaa kwenye kiti siku nzima, kuna usingizi mbaya, na hawezi kuniahidi kwamba nikila vizuri nitaacha dawa. Hilo la kutoahidi ndilo lililonifanya nimwamini kidogo. Mwongo huwa anaahidi. Hata hivyo dawa zile nilizipeleka kwa duka la dawa la Rangwe, na kwa lingine Migori, nikauliza kila mmoja ni za nini, bila kusema nilichoambiwa. Majibu yalilingana. Nikazimeza.

Halafu nikafanya kile ninachokijua. Nikapumzisha washukiwa. Soda ndiyo iliyotoka ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na sauti tamu. Kichwa kiliniuma, nikawafokea watu ovyo, nikasema hii si haki, lakini ile kiu ikaanza kupungua. Nikamrudisha soda siku moja kwenye matanga, nikamtazama. Kiu ikarudi naye. Basi, pumziko lake halina mwisho. Soseji na nyama za mkebe wakafuata. Chipsi nilikuwa nimeshaziacha tangu siku za sanduku, lakini nazo zilikuwa na kesi ya kujibu. Hapo nilivuka barabara mwenyewe nikaingia jikoni kwa hoteli ile, maana mimi namtafuta mtu mpaka nyumbani kwake. Mafuta kwenye karai yalikuwa meusi kama ya gari. Nikamuuliza mpishi yana umri gani. Akanijibu kwa fahari kwamba hayamwagwi, yanaongezewa tu, mafuta ya zamani ndiyo yenye utamu. Nimekula hapo miaka, nikilinda langoni.

Mbuzi na pombe za Migori nilivipunguza, sikusema nimeviacha, mimi sidanganyi kitabuni. Na siku moja, mbele ya wafanyakazi wangu, nilikaa juu ya gunia nikala omena na ugali wa mtama aliopika mama wa kijiwe cha pale. Watu walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama biashara imeanguka. Nikamwambia nenda kapime magunia.

Kidole kilituliza hasira yake. Pete, asubuhi moja nikiwa naoga, ikazunguka. Haikutoka, ilizunguka tu, kitu ambacho haikuwa imefanya kwa muda mrefu. Dawa zilifanya kiasi gani na chakula kiasi gani sijui, na daktari naye alipotazama damu yangu akasema yeye pia hawezi kugawanya. Lakini mimi nilikaa kwenye beseni nikiizungusha ile pete nikajua kesi imekwisha. Aliyekuwa jela hakuwa na hatia.

Tukaenda Ogwedhi, mimi na binamu yangu. Kwetu hufuati mke kwao ukajisemea mwenyewe, lazima mtu wa kukusemea. Na hukatai chakula ukweni, hata kama umeshiba mpaka masikioni, kwa sababu kukataa chakula ni kukataa mji. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nikijiambia, wataleta kuku, wataleta mboga, nitakula, nitachukua mke wangu.

Walitukaribisha vizuri, vizuri kupita kiasi. Mzee, baba mkwe, akauliza habari za njia na za samaki. Mama mkwe hakuonekana, kama desturi inavyotaka, lakini nilijua yuko nyuma ya ukuta wa jikoni anasikia kila neno. Mke wangu hakuonekana pia. Kisha shemeji, kaka yake mkubwa, akaingia na sinia kubwa lililofunikwa kitambaa, akaliweka mbele yangu, akafunua.

Soda. Biskuti. Mkate wa duka, haujakatwa. Soseji ndani ya plastiki, mbichi. Mkebe wa nyama, na kisu kando yake cha kuufungulia. Vyote vimefungwa, vimepangwa vizuri kama dukani.

"Shemeji, karibu," akasema. "Hakuna mkono wa mtu uliogusa. Tulisikia hivi ndivyo unavyoamini."

Vijana waliosimama mlangoni walitazama chini. Shangazi yake mmoja, mama mzee mwenye sauti ya redio, akasema labda mkwe anataka kwanza shemeji aonje chupa kwa nje. Mzee akalisogeza sinia karibu nami. Nilielewa kwamba naye alikuwa amelipia hilo sinia.

Nimetukanwa na madereva wa lori, na maaskari, na wanawake wa sokoni Migori ambao matusi yao yanaweza kutoboa mtumbwi. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile. Na mtego wao ulikuwa umekaza pande zote. Nikila, nimekubali mbele ya watu kwamba mkono wa binti yao siutaki. Nisipokula, nimekataa chakula cha mji. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ile soda, kwa mazoea, na mate yakanijaa mdomoni, sikatai. Binamu yangu akaanza kukohoa atafute maneno ya kunitetea. Nikamgusa goti.

Nilisema mwenyewe, kinyume na desturi. Niliwaambia hivi vitu ndivyo vilivyonitia ugonjwa. Nilimtafuta mwizi kila mahali, nikamtoa mtu safi, nikalala na mwizi chumba kimoja. Sikatai chakula cha mji huu. Nimekuja na njaa ya chakula cha mtu mmoja, na nitakaa hapa mpaka apike, hata kama ni kesho.

"Hajapika," shangazi akasema. "Hapa kwetu watu waliopumzishwa hawapiki."

Nikasema nitangoja.

Tukangoja. Sinia lilibaki mbele yangu, hakuna aliyeliondoa, nzi wakatembea juu ya plastiki wakikosa mlango. Mzee akarudi kwenye habari za ng'ombe. Kwa muda mrefu upande wa jikoni palikuwa kimya. Halafu nikasikia moshi kabla sijasikia sufuria, kama unanielewa, ile harufu ya kuni mbichi, kisha mwiko.

Alileta mwenyewe. Alikuwa amenenepa uso kidogo, au labda alikuwa amepumzika kweli. Shemeji akasogeza sinia. Akaweka ugali wa mtama, omena iliyochemshwa na nyanya, na bakuli la mboga za majani. Juu ya mboga ulikuwepo ule unga wa kijani unaoelekea weusi. Hakuuficha. Aliunyunyiza juu kabisa mahali ninapoona.

Nitakuambia kweli kwa sababu wewe hunijui. Daktari alikuwa amenieleza, pete imezunguka, njia yangu mwenyewe imemtoa, na bado nilipouona ule unga nilitafuta macho yake nione kama yanakwepa. Hayakukwepa. Akapiga magoti, akanawisha mikono yangu. Kisha mkono wake wa kulia ukanyooka kuelekea bakuli langu, vidole vikiwa vimekusanywa tayari, kama nilivyomzoesha. Sijui kama alikuwa ananipima au ni mazoea tu. Watu wote ndani ya nyumba ile walikuwa wakitazama huo mkono.

Nikaweka wangu juu yake.

"Leo usionje," nikasema.

Nikavuta bakuli, nikamega tonge, nikachota palipokuwa na unga mwingi. Ilikuwa chungu. Ilikuwa chungu kama zile mboga za Remba, za ndoo. Nikala, nikamega tena. Shangazi aliinuka akaenda jikoni, na nikasikia sauti yake ya redio ikishindwa kunong'ona kumwambia mama mkwe kwamba anakula.

Mke wangu alikuwa bado amepiga magoti. Akaniuliza chumvi ikoje. Nikamwambia ukweli, haitoshi.

"Hata nyumbani haitatosha," akasema, akainuka kwenda kutafuta nguo zake.